Vibao vya rangi kutoka Kariakoo: nimevitumia mwaka mzima, niliyoyaona ni haya

Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa uzi. Sikuwahi kutumwa kwa maneno matupu. Mama alikata kipande cha kitambaa, kidogo kama ukucha wa dole gumba, akanikunjia kiganjani: "Ukifika usiseme rangi. Toa kitambaa." Siku moja nikakiangusha njiani, nikajitia ujuzi. Kitambaa kilikuwa cha zambarau, na zambarau naijua, nimezila mpaka ulimi umegeuka. Nikarudi na uzi wa zambarau hasa, umekolea kama tunda lenyewe. Kumbe kitambaa cha mama kilikuwa kimepauka, kinaelekea kwenye kijivu. Nilirudishwa dukani jua la saa saba.

Leo mimi ni mwalimu wa awali, na kisa hicho hunijia kila ninapofungua masanduku haya ya vibao vya rangi. Niliyanunua mwanzoni mwa mwaka jana, mtaa wa Kongo, Kariakoo, shilingi 85,000 yote matatu. Duka sitalitaja kwa sababu nina manung'uniko, na mwenye duka hayupo hapa kujitetea.

Kwa asiyejua, hivi ni vibao vidogo vilivyopakwa rangi, vya Montessori, ule mfumo wa kumfundisha mtoto kwa vifaa anavyovishika mwenyewe. Sanduku la kwanza lina vibao 6, yaani jozi 3: nyekundu, njano na buluu. La pili lina vibao 22, jozi 11, humo zimeongezwa kijani, rangi ya chungwa, zambarau, pinki, kahawia, kijivu, nyeusi na nyeupe. La tatu ndilo lenye kazi: vibao 63, rangi 9, kila rangi viwango 7 kuanzia iliyokolea hadi iliyopauka. Mtoto wa sanduku la kwanza na la pili anatafuta pacha wa kibao. Wa sanduku la tatu anavipanga kama ngazi, kutoka giza kwenda mwanga.

Nianze na ubaya, ndio unaotafutwa na wanaotaka kutoa hela.

Jozi si jozi. Katika sanduku langu la pili, vijivu viwili vilikuwa ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Kimoja kilivuta ubuluu, kingine kilivuta udongo. Mwanzo sikuona, maana niliyafungua darasani jioni chini ya taa ya tyubu, na hapo vilifanana kabisa. Asubuhi nilipovitoa mlangoni kwenye jua, nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Binti wa fundi cherehani nimeshikwa hivyo! Mama hakununua uzi hata siku moja bila kuutoa kibarazani, kwa sababu rangi mbili zilizochanganywa kwa dawa tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kugombana chini ya nyingine. Sasa mtoto wa miaka mitano umwambie "tafuta pacha wake", naye akitazame kijivu cha pili akirudishe, kwa sababu kwa jicho lake zima lisilokosea, yule si pacha. Aliyekosea hapo ni nani?

Sanduku la tatu lilikuja na vibao 62. Ngazi ya kijani ina pengo. Nilimwandikia muuzaji WhatsApp, akanijibu, "Dada, ukivipanga vizuri vinatosha." Nikavipanga vizuri. Havikutosha.

Rangi yenyewe inabanduka. Ni ya kupuliza, tabaka moja, haina vanishi ya maana, na fremu ya plastiki nyeupe haiushiki ubao sawasawa. Mwezi wa tatu vibao vya sanduku la kwanza vilikuwa na makovu kila pembe. Kimoja chekundu nilikisahau dirishani likizo ya Juni, nikakikuta kimegeuka rangi ya tofali. Bawaba za masanduku nazo zimepata kutu, lakini hiyo ni Tanga, bahari iko hapo, hata sufuria zangu zina kutu.

Halafu kuna karatasi ya maelezo. Nadhani muuzaji alimpa mtu atafsiri haraka haraka. Imeandikwa "kibao nyekundu". Kibao nyekundu! Kile kibao ni chekundu jamani, na gari ni jekundu, na maua ni mekundu, na mtoto wangu wa awali analijua hilo bila kufundishwa. Hapa ndipo vifaa vya kuagiza vinapokosa kuisoma lugha yetu. Rangi zinazokubali kuvaa ngeli kwa Kiswahili ni tatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Zilizobaki nyingi tumeziazima kwenye vitu: majani, manjano, jivu, kahawa, zambarau, chungwa. Kibao ni "cha njano", gari ni "la njano", neno lenyewe halitikisiki. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, waliandika kwamba lugha za dunia huanza na majina ya nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, ndipo nyingine zifuate. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 20 walizozichunguza kwa karibu. Mimi naona hata sarufi yetu inawaunga mkono: tatu za mwanzo ni wenyeji, zilizobaki ni wageni waliopangishwa chumba.

Na wageni hao wana vituko. Siku ya kufundisha rangi ya chungwa nilisema, kama nilivyofundishwa chuoni, "Niletee kibao cha rangi ya chungwa." Watoto watatu wakaleta cha kijani. Nikarudia, wakashikilia. Mmoja akaniambia kwa upole, kama anamfundisha mtu mzima asiyesikia: "Mwalimu, chungwa si hili?" Nikanyamaza. Machungwa yetu yanatoka Muheza, na chungwa la Muheza huiva likiwa na ganda la kijani, maana ganda huhitaji baridi ili kijani kiondoke, na Muheza baridi hiyo haipo. Mtoto wa Tanga hajawahi kuona chungwa lenye rangi ya chungwa isipokuwa kwenye katoni ya juisi. Kahawia ni hivyohivyo. Kahawa wanayoijua wao ni ile ya kwenye kikombe kidogo barazani kwa babu, nayo ni nyeusi. Karatasi ya maelezo badala ya kahawia imeweka "hudhurungi" na badala ya zambarau imeweka "urujuani". Ni maneno mazuri, lakini darasani kwangu hakuna anayeyatumia, nami sikuyatumia. Nilichofanya ni kuleta vitu: bizari ya manjano kwenye kijiko, jivu la mkaa, karoti badala ya chungwa.

Haya, mazuri sasa. Na mazuri yapo.

Watu wengi wakiviona vibao hivi wanadhani ni vya kufundisha majina. Majina utayafundisha hata kwa vifuniko vya soda. Kazi ya vibao hivi ni kumfanya mtoto aone tofauti asiyokuwa akiiona, kisha aibebe kichwani. Hayo ni mambo mawili, na nilikuwa nayachanganya mpaka nilipoanza mchezo wa mbali. Rafiki yangu aliyesomea Montessori Lushoto ndiye aliyenionyesha. Unatandika mkeka mmoja mlangoni, mwingine mwisho wa darasa. Kibao kimoja cha kila jozi hapa, pacha wake kule. Mtoto anaonyeshwa kibao, anakitazama mpaka aseme ametosheka, anakiacha, anakwenda mikono mitupu hadi mkeka wa pili, analeta pacha. Hana kitambaa kiganjani.

Mezani, vibao vikiwa pamoja, darasa langu lote la watoto 34 walimaliza jozi 11 ndani ya wiki mbili. Mchezo wa mbali ulipoanza, wengi wakaanguka. Si kwa nyekundu wala njano. Kwa zile zinazopakana. Pinki na chungwa. Kahawia na zambarau. Walipotembea hatua kumi rangi ikawaponyoka, wakabaki na jina, na asiye na jina akabaki bila kitu. Niliona midomo ikichezacheza njiani: "Jivu, jivu, jivu." Wenye jina walirudi na kibao sahihi mara nyingi zaidi, hilo nililiona wiki baada ya wiki.

Lakini jina nalo lina udanganyifu wake. Jioni moja nikawajaribu walimu wenzangu kwa sanduku la tatu. Nikawaonyesha buluu ya tano kutoka iliyokolea, ile inayoanza kupauka, nikaifunika, wakatembea hadi ofisini kuichagua kati ya zote saba. Tulikuwa watano pamoja nami. Wanne tulichagua iliyokolea zaidi ya tuliyoonyeshwa. Tulikwenda na neno "buluu" kichwani, na neno likatuchagulia buluu iliyo buluu sana. Ndiyo zambarau yangu ya utotoni! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walichapisha matokeo ya namna hiyohiyo mwaka 2015: jicho linatofautisha vivuli vingi mno, ila kumbukumbu huvivuta vivuli hivyo kuelekea kwenye mfano bora wa jina lake. Mama hakusoma matokeo yoyote, lakini kipande chake cha kitambaa kilikuwa jibu.

Kwa hiyo sanduku la tatu, hata likiwa na pengo lake, ndilo nililolipenda. Watoto waliolichezea kwa muda wakaanza kuona mambo. Mmoja aliniambia mawingu ya upande wa bandarini "ni ya sita" na ya upande wa Muheza "ni ya tatu". Alikuwa amehamisha namba za ngazi ya kijivu akazipeleka angani. Kwa hilo peke yake ningetoa nusu ya zile elfu themanini na tano.

Sasa kuna jambo lililonitoa jasho, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa na kijana mmoja, mtoto wa miaka sita, mwepesi wa kila kitu. Kwenye vibao alikuwa bingwa. Mezani alimaliza jozi zote kabla ya wenzake kukaa sawa. Mchezo wa mbali, hakosei. Nilikuwa namtumia kuwaonyesha wenzake. Mwezi wa nane rafiki yangu wa Lushoto akaniazima sanduku lake la pili, la mbao, la gharama, limepakwa vizuri, halina hata mkwaruzo. Nikamwita bingwa wangu afungue dimba. Nikamwonyesha cha kijani. Akaenda, akakaa sana kule mkekani, akaniletea cha kahawia. Nikacheka, nikajua ananitania. Nikamwonyesha cha zambarau, akaleta cha buluu. Nikamwonyesha cha pinki, akasimama katikati ya darasa bila kwenda kokote, akakigeuzageuza, kisha akaniambia kwa huzuni:

"Mwalimu, hiki hakina kovu."

Nilihitaji dakika nzima kuelewa. Miezi yote ile hakuwa akisoma rangi. Alikuwa akisoma makovu. Rangi mbovu ya vibao vyangu ilikuwa imebanduka kila kimoja kwa namna yake, naye alikariri: hiki kimepasuka pembe, pacha wake ana doa katikati. Vibao 22 na makovu yao yote, kichwani mwa mtoto wa miaka sita. Sijui kama nimewahi kuwa na mwanafunzi mwenye kumbukumbu kama ile, na nilikuwa nampigia makofi kwa sababu isiyo yake.

Nikamwita mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini nilipogusia tu kijani na kahawia, akashika mdomo. "Mwalimu, kaka yangu." Mjomba wa yule mtoto, utotoni akitumwa nyanya sokoni alileta mbichi, na bibi akamchapa kwa uzembe. Alichapwa mpaka wakaacha kumtuma. Hakuna aliyewahi kumwuliza anaona nini. Nikamweleza nilichokijua: upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani hubebwa kwenye kromosomu X, ile sehemu ya urithi ambayo mwanamume huipata kwa mama tu; mwanamke anaweza kuubeba asiuone, akampa mwanawe wa kiume. Kwa hiyo watu wanaosema mtoto kamvuta mjomba, safari hii wamesema kweli kabisa. Huko Ulaya ya kaskazini ni karibu mwanamume mmoja kati ya 12, wanawake mmoja kati ya 200 hivi. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, lakini katika darasa la watoto 34 hupaswi kushangaa ukimpata mmoja.

Kliniki ya macho walimpima kwa kile kitabu cha vidoadoa, kilichotungwa na daktari wa Kijapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Kina kurasa zenye namba zilizofichwa kwenye vidoa vya rangi, na nyingine zenye njia za kufuata kwa kidole kwa asiyejua namba. Mama mtu anasema mtoto aliipenda ile ya njia. Aliuliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani.

Tangu hapo nimebadilisha vitu vichache. Majina ya rangi nimeyaandika nyuma ya vibao, maana anajua kusoma silabi. Nimeacha kusahihisha kwa wino mwekundu juu ya penseli ya kijani. Nyanya, mama yake ananiambia, anaziminya kwa kidole, na akitumwa analeta mbivu.

Kabla sijafika mwisho, mtu ataniuliza kuhusu programu za simu, zile za kufunua kadi na kukumbuka rangi ilipokuwa. Nilijaribu moja kwenye simu ya dada anayenisaidia darasani. Watoto walikumbuka mahali, si rangi. Wangekumbuka vilevile hata kadi zingekuwa na picha za mbuzi. Na kijani cha simu yake si kijani cha simu yangu. Sikuendelea nayo.

Nilichoendelea nacho ni hiki. Kuziba lile pengo la ngazi ya kijani nilikwenda kwenye kabati la marehemu mama, kuna mfuko mzima wa nyuzi zilizobaki. Nikakata kadibodi ya katoni kipimo cha kibao, nikazungusha uzi wa kijani mpaka ukajaa, nikautia gundi nyuma. Ulikaa pale kama ulizaliwa hapo. Haubanduki, haung'ai kwenye taa, na hauna kovu la kukariri. Baadaye rafiki yangu akanicheka: vibao vya Maria Montessori mwenyewe, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, vilikuwa hivyohivyo, vimezungushiwa nyuzi za hariri, 64, rangi 8 kwa viwango 8. Basi nikatengeneza sanduku la pili zima kwa nyuzi. Jozi 11, jioni tatu, na nyuzi nne tu ndizo nilizonunua.

Nyota naweka tatu kati ya tano. Sanduku la kwanza usinunue, kata karatasi. La pili, kama una muda na una nyuzi, tengeneza mwenyewe; kama huna, nunua lakini ulifungulie nje. La tatu nunua, vivuli saba vya kila rangi si rahisi kuvipata kwa nyuzi za madukani, na hesabu vibao kabla hujatoa pesa.

Mwezi uliopita nilikuwa Dar, nikapita lilelile duka. Nilikuwa na kijivu changu kimoja kwenye mkoba, nimekifunga kwenye leso. Muuzaji ameleta mzigo mpya, anasema kiwanda kingine. Nikaomba sanduku la pili, nikaanza kuelekea mlangoni. "Dada, mwanga upo humu, taa zote hizi!" Nikamwambia nakuja. Nje, katikati ya mikokoteni na watu wanaonisukuma, nikaviweka vijivu viwili vipya ubavu kwa ubavu kwenye jua. Vilikuwa pacha. Nikavilaza juu ya changu cha zamani, changu kikaonekana si kijivu tena.

Nimemletea rafiki yangu wa Lushoto moja, la zawadi. Ameniomba risiti ya basi anirudishie nauli, nimemwambia asijali.